Maonyesho Yaliyomezwa na Vita

Mtu wa Kibaoni, mkoani Katavi, akitaka kwenda Dar es Salaam kwa treni hupandia Mpanda, hadi Kaliua, ambako tawi la reli la Mpanda linaungana na Reli ya Kati. Tawi lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Reli ya Kati yenyewe ilifika Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, Februari 1914, na Wajerumani, waliokuwa watawala wakati huo, walitaka watu wote waione.

Wakapanga maonyesho makubwa Dar es Salaam, Agosti mwaka huohuo. Enzi hizo dola nyingi zilishikwa na homa ya maonyesho. Kule St. Louis, Marekani, mwaka 1904, waliwekwa hata binadamu ili wakodolewe macho. Mmoja wao alikuwa Ota Benga, kijana kutoka Kongo. Dar es Salaam ingejivunia zaidi reli na mazao, ingawa waliobeba mataruma na kujenga tuta hawakuwa Wajerumani.

Wageni walishaanza kuwasili Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipolipuka. Rubani Bruno Büchner alikuja na ndege yake kufurahisha watazamaji. Ikageuzwa ya kijeshi. Jenerali mstaafu Kurt Wahle, aliyekuja kumwona mwanawe pamoja na maonyesho, alivaa tena magwanda akapigana hadi Tabora.

Lakini kwangu mimi, onyesho bora halikupangiwa hata banda. Ni meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikapita reli hiyo hadi Kigoma. Ilishushwa majini mwaka 1915. Julai 1916, wakihofia isitekwe, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Kabla ya hapo mafundi waliipaka injini grisi nzito.

Hapo ndipo penye sayansi. Chuma hakishiki kutu mpaka kikutane na maji na oksijeni kwa pamoja. Grisi haiyeyuki majini. Ikijaa vizuri kwenye silinda na maungio, maji hayana pa kupenya. Waingereza walipoiinua meli mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, na kwa miongo mingi ikawa inashusha abiria Karema na Ikola, kwa mitumbwi pale pasipo na gati, kabla ya kuendelea na dagaa wake hadi Mpulungu, Zambia.