Hen Domen: Ngome Iliyobaki Kwenye Udongo

Zikitajwa ngome za Ulaya, wengi huwaza minara ya mawe. Lakini Wanormani walipoivamia Uingereza mwaka 1066, ngome zao nyingi zilikuwa za udongo na mbao. Walichimba handaki, wakarundika udongo wake ukawa kilima, juu wakasimamisha mnara wa mbao, kisha uwanja wa chini wakauzungushia boma la magogo. Malighafi ilikuwa papo hapo, kwa hiyo kazi ilikwenda haraka.

Mojawapo ni Hen Domen, iliyoko Wales karibu na mpaka wa Uingereza. Ilijengwa miaka ya 1070 na kabaila Roger wa Montgomery, aliyeiita Montgomery kwa jina la kwao Normandy, ili kulinda kivuko cha mto Severn. Mwaka 1223 Mfalme Henry III alianza kujenga ngome ya mawe jirani, na hatimaye ile ya mbao ikahamwa. Leo mpita njia ataona kilima chenye miti na mahandaki yaliyoota majani, basi.

Mwanaakiolojia Philip Barker aliona zaidi. Kuanzia mwaka 1960, kwa takriban miaka 30, yeye na wenzake walikwangua uwanja wa chini wa ngome hiyo kwa miko na brashi, tabaka baada ya tabaka. Nguzo ikioza, shimo lake hujaa udongo wenye rangi na ulaini tofauti na wa pembeni. Eneo likisafishwa vizuri, doa hujitokeza. Madoa yakifuatana, hapo palikuwa na ukuta. Majengo mengine yalikalia mihimili iliyolazwa juu ya ardhi, yakaacha alama hafifu mno kiasi kwamba mtaro mwembamba wa uchimbaji ungezipita bila kuzitambua. Ndiyo sababu Barker alifunua eneo pana kwa mara moja. Akakuta uwanja mdogo uliosongamana majengo, yaliyojengwa upya mara kadhaa. Chini ya yote palikuwa na matuta ya shamba lililolimwa kabla ya ngome kuwepo.

Tatizo ni kwamba kuchimba ni kuharibu: doa likishakwanguliwa halirudi. Mizizi na wanyama wachimbao mashimo nao huvuruga tabaka hizo. Hen Domen sasa inalindwa kisheria, na kuchimba au kusaka vyuma kwa mitambo bila kibali ni kosa. Barker alichimba takriban nusu tu ya uwanja. Iliyobaki ni akiba ya watafiti watakaokuja na vifaa bora kuliko vyake.