Songea: Mwandishi atoe nini bure ili apate wasomaji wa kudumu?

Tuseme mwandishi wa Songea kachapa nakala 300 za kitabu chake. Hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Maduka makubwa ya vitabu yako Dar es Salaam, safari ya basi ya kutwa nzima. Steshenari ya mjini ikimpokelea nakala tano, anashukuru. Zinazobaki zinakaa kwenye maboksi chumbani, zikimsubiri mnunuzi ambaye hata jina lake halijulikani.

Wengi hukimbilia Facebook na magrupu ya WhatsApp. Inawekwa sehemu ya kwanza ya hadithi, ya pili, ya tatu, "itaendelea", halafu anayetaka mwisho atume elfu moja kwa simu.

Mbinu yenyewe si mpya. Eric Shigongo wa Global Publishers alijijengea jina kwa hadithi za mfululizo kwenye magazeti kama Ijumaa na Uwazi. Watu walinunua gazeti ili wajue nini kiliendelea. Ila yeye gazeti lilikuwa lake. Mwandishi wa Facebook yuko kwenye nyumba ya kupanga.

Oktoba 4, 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Siku ile, mwenye wafuasi elfu kumi na asiye na namba zao pembeni hakuweza kumfikia hata mmoja. Na akaunti ikidukuliwa, ndiyo basi tena.

Dawa yake ni orodha: majina, namba za simu na barua pepe za watu waliokubali wenyewe kutumiwa ujumbe. Na mtu hatoi namba yake hivihivi. Anataka kitu.

Mfano unaojulikana ni wa Mmarekani Andy Weir. Kuanzia 2009 alikuwa akiweka sura za riwaya yake The Martian bure kwenye tovuti yake, na kila sura mpya ikitoka aliwaarifu kwa barua pepe wasomaji kama 3,000 aliokuwa amewakusanya kwa miaka. Wasomaji haohao wakamwomba aiweke Kindle ili waisome kwa urahisi. Akaiweka 2011 kwa senti 99, bei ya chini kabisa iliyoruhusiwa. Walionunua wakawa wengi kuliko waliokuwa wameichukua bure. Mwaka 2014 ikatolewa na kampuni kubwa ya vitabu, 2015 ikawa filamu.

Sasa, kipi kitolewe bure? Hapa ndipo wengi wanakosea. Anayegawa vocha kwa kila atakayeacha namba atapata namba mia tano kwa wiki, na karibu wote wamefuata vocha. Zawadi nzuri ni ile ambayo asiyehitaji kitabu hicho hataihangaikia.

Mwenye kitabu cha historia ya Majimaji ana bahati ya kukaa Songea. Kila Februari watu hukusanyika Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapohapo akaomba msamaha. Kijitabu cha kurasa nne, chenye ramani ya maeneo ya kutembelea na maelezo mafupi ya Nduna Songea Mbano, kikitolewa bure mwezi huo kitachukuliwa na watu wenye hamu na jambo lenyewe. Hao ndio watakaonunua kitabu kizima.

Wa riwaya atoe hadithi fupi ya mhusika mmoja, yenye mwanzo na mwisho wake, si kipande kilichokatwa katikati kwa hila. Wa kilimo cha mahindi atoe karatasi moja ya kupigia hesabu ya mbegu na mbolea kwa ekari, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Wa vitabu vya mitihani atoe maswali ya mada moja na majibu yake. Kitabu chote asikiweke kwenye grupu. Pdf ikishasambaa hairudi.

Na iwe nyepesi. Kurasa za maandishi tu hazifiki MB moja, lakini picha kubwa ya jalada inaweza kuifanya ifike kumi, na mtu wa bando la siku hatafungua.

Swali linalofuata ni la barua pepe. Simu nyingi za Android zina akaunti ya Gmail kwa sababu Play Store inaidai. Tatizo, wengi walifunguliwa na kijana wa dukani siku waliponunua simu, na nywila hawaikumbuki. Kwa hiyo mwandishi achukue vyote viwili, barua pepe na namba ya WhatsApp. Orodha ya matangazo ya WhatsApp hupokea watu 256, na ujumbe huwafikia wale tu waliohifadhi namba ya mtumaji. Basi sharti la zawadi liwe hilo: "Hifadhi namba hii, kisha tuma neno KITABU."

Daftari la kawaida nalo linafaa, kwenye mahafali au nje ya kanisa. Ila barua pepe iandikwe mbele ya mwenyewe na asomewe, maana herufi l na tarakimu 1 zimepoteza wengi.

Zawadi itumwe siku hiyohiyo. Baada ya hapo, ujumbe mfupi kila wiki mbili unatosha: kipande kipya, swali, habari ya sura inayoandikwa. Anayenyamaza miezi minane kisha akaibuka na "kitabu kimetoka, nunua" atajibiwa "nani mwenzangu?" Akiwa nao karibu, msomaji wa Tunduru au Mbinga anatuma hela kwa simu na kitabu kinapanda basi kesho yake.

Gmail ya kawaida inaruhusu kutumia watu 500 kwa siku. Anwani ziwekwe sehemu ya Bcc, la sivyo kila mmoja ataona za wenzake.

Hilo si suala la adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, aseme anazikusanyia nini na asizitumie kwa jingine. Kumpa rafiki anayeuza viwanja orodha ya wasomaji ni kosa. Na kila ujumbe uwe na mstari wa mwisho unaosema: "Ukitaka kujitoa, jibu TOA."