Refa wa Chesi: Kazi ya Kujua Lini Unyamaze

Tuanze na swali. Wewe ni mwamuzi kwenye mashindano makubwa ya chesi, au sataranji kama wazee wanavyoiita. Umesimama pembeni ya meza. Mkao uleule wa kete umejirudia mara tatu, na umehesabu vizuri kabisa. Kisheria, mchezaji mwenye zamu anaweza kudai sare sasa hivi. Lakini amechoka, hajaona, na mkono wake unaelekea kwenye hatua itakayompoteza. Je, utamwambia?

Jibu ni hapana. Ukifungua mdomo tu, umemsaidia mmoja dhidi ya mwenzake. Lakini mkao huohuo ukijirudia mara ya tano, huna ruhusa ya kukaa kimya: unasimamisha mchezo na kutangaza sare, hata kama wote wawili wanataka kuendelea. Ni hivyohivyo kwa hesabu ya hatua. Kila upande ukicheza hatua 50 bila kete yoyote kuliwa na bila zile kete ndogo za mstari wa mbele kusogezwa, mchezaji anaweza kudai sare. Zikifika 75, mwamuzi anaingia mwenyewe.

Kwa nini namba mbili tofauti? Hapa kuna jambo ambalo watu wa takwimu watalitambua haraka. Mwamuzi anaweza kukosea kwa njia mbili: kuingilia pasipotakiwa, au kunyamaza panapotakiwa aingilie. Huwezi kupunguza kosa moja bila kuongeza hatari ya lingine. Ukiwa mwepesi wa kuingilia, unawachezea wachezaji. Ukiwa mzito, mchezo hauishi. Kwa hiyo sheria imeweka vizingiti viwili: kimoja cha mchezaji, kingine cha refa. Vile vya refa, yaani mara ya tano na hatua 75, viliingia kwenye sheria mwaka 2014.

Unafikaje huko?

Wengi wanadhani refa wa chesi lazima awe bingwa. Si kweli. FIDE, shirikisho la chesi duniani lililoanzishwa Paris mwaka 1924, halimtaki mwamuzi awe na kiwango fulani cha uchezaji. Linamtaka apite njia nyingine.

Kwanza ni shirikisho la nchi yako, ambalo ndilo linalokutambua kama mwamuzi wa taifa. Kisha unahudhuria semina ya waamuzi ya FIDE. Pale unafundishwa sheria, matumizi ya saa za kielektroniki, namna ya kupanga nani acheze na nani, hesabu za kuwatenganisha waliolingana pointi, na mbinu za kuwazuia wadanganyifu. Mwisho kuna mtihani, na alama ya kufaulu ni asilimia 80. Ndiyo, 80. Sisi tuliozoea kuvuka na 40, tupumue kwanza.

Baada ya mtihani unatafuta nomu. Nomu ni cheti cha utendaji: unafanya kazi kwenye shindano linalokubalika, na mwamuzi mkuu anathibitisha kwa maandishi kwamba uliifanya vizuri. Ukikusanya za kutosha, shirikisho lako linakuombea cheo cha Mwamuzi wa FIDE. Baadaye, kwa nomu nyingine za ngazi ya juu, unaweza kuwa Mwamuzi wa Kimataifa, na hapo Kiingereza ni lazima. Cheo ni chako maisha yako yote, ila bila leseni hufanyi kazi. Walioko kazini nao wamepangwa kwa madaraja, kuanzia D hadi A.

Unaona basi kwamba mtihani ni kipande kidogo tu cha safari. Sababu yake iko kwenye sheria zenyewe. Utangulizi wake unakiri kwamba haziwezi kutabiri kila kitakachotokea, na kwamba zinategemea mwamuzi mwenye ujuzi, busara na asiyependelea. Ukariri utakupa zile 80. Busara inapatikana ukumbini, na ndiyo maana wanataka nomu.

Kosa ambalo hakuna aliyelidai

Linares, Hispania, mwaka 1994. Garry Kasparov anacheza na Judit Polgár, msichana wa miaka 17. Kasparov anamweka farasi kwenye mraba, anaona hatari, anamchukua tena na kumpeleka kwingine. Sheria ni kali: ukishaiachia kete kwenye mraba, basi umecheza. Picha za televisheni zilionyesha baadaye kwamba vidole vilikuwa vimemwachia farasi kwa kama robo ya sekunde. Polgár hakudai. Mchezo ukaendelea, Kasparov akashinda, na matokeo yakabaki hivyo. Robo sekunde ni muda mfupi sana, na kamera haikuwa sehemu ya uamuzi siku ile.

Uamuzi uliobadilishwa

Riyadh, Desemba 2017, mashindano ya dunia ya chesi ya kasi, ambako mchezaji ana dakika chache tu kwa mchezo mzima. Magnus Carlsen anamshambulia mfalme wa Ernesto Inarkiev kwa ngome. Inarkiev, badala ya kumwokoa mfalme wake, anamshambulia mfalme wa Carlsen kwa farasi. Hiyo si hatua halali. Carlsen hakusimamisha saa kudai. Alimwondoa tu mfalme wake hatarini. Hapo Inarkiev akasimamisha saa na kudai kwamba aliyevunja sheria ni Carlsen! Mwamuzi wa kwanza akampa Inarkiev ushindi.

Mwamuzi mkuu, Takis Nikolopoulos, alipoliangalia suala hilo aliamua mchezo uendelee kutoka pale ulipofikia. Mantiki yake unaweza kuifuata. Katika chesi ya kasi, hatua haramu inadaiwa kabla mpinzani hajajibu. Carlsen alishajibu, kwa hiyo kosa la Inarkiev lilikuwa limepitwa, na hatua ya Carlsen yenyewe haikuwa na tatizo. Inarkiev alikataa kuendelea, akapoteza mchezo, na rufaa yake ikakataliwa.

Fikiria ugumu wake: ukumbi umejaa, raundi inayofuata inasubiri, bingwa wa dunia amesimama mbele yako, na mwenzako ameshatangaza matokeo. Kifungu unakijua. Kinachohitajika ni utulivu wa kujiuliza: nani alicheza nini, kwa mpangilio gani?

Pale sheria inapoishia

Reykjavik, 1972, Boris Spassky na Bobby Fischer wanagombea ubingwa wa dunia. Mwamuzi mkuu ni Lothar Schmid, Mjerumani. Fischer hakutokea kwenye mchezo wa pili. Schmid aliwasha saa, akasubiri saa nzima, akampa Spassky pointi. Hapo kifungu kilitosha.

Mchezo wa tatu ulihamishiwa chumba cha nyuma, mbali na watazamaji, kwa sababu Fischer alilalamikia kamera. Wakaanza kuzozana kabla ya kucheza, na pambano zima likawa karibu kuvunjika. Schmid akawashika mabega, akawakalisha kwenye viti na kuwaambia wacheze. Hakuna ibara inayomwambia mwamuzi afanye hivyo. Wakacheza, Fischer akashinda, na miezi hiyohiyo akawa bingwa. Bila mikono ile miwili, huenda leo tusingekuwa na pambano la kulisimulia.

Kama umevutiwa, huna haja ya kusubiri mwaliko kutoka mbali. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zina mashirikisho yaliyo ndani ya FIDE. Pakua Sheria za Chesi, zinapatikana bure, usome kwanza kifungu cha 12 kinachohusu kazi ya mwamuzi. Halafu nenda kwenye shindano lolote la shule au chuo, ujitolee kusimamia meza mbili tatu. Utajua mapema kama una moyo wa kuona kosa, kuhesabu hadi tatu, na kunyamaza.