Je, Wajua? Zilipendwa Hurithiwa

Wengi huamini kwamba wimbo wa zamani hutuliza moyo kwa kuwa unaturudishia ujana wetu. Si hivyo tu. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979, lakini gita lake likilia redioni, hata aliyezaliwa miaka kumi baadaye hutikisa kichwa na kutabasamu. Ujana upi unaomrudia huyo? Mwaka 2013 Carol Krumhansl na Justin Zupnick wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha utafiti ambamo vijana wa miaka ipatayo 20 walisikilizishwa vipande vya nyimbo zilizovuma kati ya 1955 na 2009. Kumbukumbu zilikuwa nyingi kwa nyimbo za enzi zao, hilo halishangazi. Ajabu ni kwamba zilipanda pia kwa zile za mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazazi wao walipokuwa vijana.

Atasema mtu: muziki wa kale ulikuwa bora, basi. Huenda. Ila ubora hauelezi kwa nini hata kibwagizo cha tangazo la sabuni, kisicho na ufundi wowote, hutuchangamsha vilevile. Wimbo huja na sebule yake, redio juu ya kabati na mama anayeufuatisha huku akikosea maneno.