Kura Yako ya Riadha Ina Uzito Gani? Soma Hii Kabla Hujadunga Laiki

Wasee wa Mji wa Kale, leo tuelewane. Kila mwisho wa mwaka, ukipita nje ya Ngome ya Yesu jioni, kahawa iko kwa kikombe, simu iko mkononi, na kila mtu ni mpiga kura. World Athletics wanatafuta mwanariadha bora wa kiume duniani. Unadunga laiki kwa picha ya Mkenya, unaambia mbogi yote idunge, halafu taji linaenda kwingine. Kelele za "tumeibiwa" zinaanza.

Maze, hujaibiwa. Piga hesabu.

Tuzo hii ilianza 1988. Enzi za Eliud Kipchoge, kura ziligawanywa mafungu matatu. Baraza la World Athletics lilishika asilimia 50. Watu wa ndani ya riadha, wale wanaoitwa "familia", asilimia 25. Mimi na wewe na bando zetu, asilimia 25. Laiki moja Facebook au Instagram, kura moja. Kwa hivyo hata Mombasa, Nairobi na Eldoret zote zikisimama na mtu mmoja, mashabiki hawavuki robo.

Cheki 2022. Kipchoge alivunja rekodi ya dunia ya marathoni kule Berlin, 2:01:09, akaingia watano bora. Lakini Armand Duplantis wa Uswidi, yule wa kuruka kwa upondo, alikuwa amevunja rekodi mara tatu mwaka huo huo, mpaka akafika mita 6.21. Taji likaenda Uswidi. Iliuma, lakini kazi ilionekana.

Na si ati Wakenya hunyimwa. David Rudisha alivunja rekodi ya mita 800 mara mbili Agosti 2010, akabeba taji katikati ya utawala wa Usain Bolt, jamaa aliyelichukua mara 6. Kipchoge naye alibeba 2018 na 2019, mfululizo.

Shida yetu mashabiki ni moja: tunapigia jina. Waulize wakubwa wako kuhusu 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipokuja hapa hapa kisiwani, uwanja wa gofu. Kama kura ingepigwa asubuhi, Kenenisa Bekele wa Ethiopia angeshinda mchana kweupe. Lakini joto la Mombasa halijui jina la mtu. Bekele alitoka mbioni, Zersenay Tadese wa Eritrea akamaliza wa kwanza.

Basi ukipiga kura, angalia amefanya nini mwaka huo. Pigia kwa kurasa rasmi za World Athletics, kwa sababu laiki kwa posti ya beshte wako haihesabiki. Na usidharau robo yako: wengine wakikaribiana, robo ndiyo inaamua.

Tena kuna sababu kubwa zaidi. Desemba 2023, Kelvin Kiptum alipewa tuzo ya mbio za nje ya uwanja, baada ya kukimbia 2:00:35 Chicago. 11 Februari 2024, ajali ya gari ikamchukua, miaka 24 tu. Angalau maua yake aliyapokea kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hivyo usingoje. Mkimbiaji unayemkubali, mpigie kura mwaka huu.