Pombe na Dawa za Hospitali: Kwa Nini Kuruka Kidonge Si Suluhisho

Kata ya Cheyo imo katika Manispaa ya Tabora, mji uliokua juu ya njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mkoa wa Tabora unajulikana kwa asali yake, na sehemu ya asali hiyo huchachushwa ikawa wanzuki, kinywaji kinachokutanisha watu katika sherehe na mazungumzo ya jioni. Bia ya kiwandani ipo pia, na gongo, ingawa imepigwa marufuku na sheria, haikosi wanywaji. Katika mazingira hayo mtu huandikiwa dawa, na katika mazingira hayo hayo hutakiwa kuzimeza.

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa fundi seremala wa Cheyo mwenye umri wa miaka 52, aliye katika wiki ya tano ya matibabu ya kifua kikuu. Kliniki aliambiwa sentensi moja: "Ukitumia dawa hizi usinywe pombe." Jumamosi ikaja na harusi ya mpwa wake. Fundi akatafakari kwamba dawa na pombe havichanganyiki, na kwa kuwa harusini atakunywa, akaacha vidonge Jumamosi na Jumapili, akarejea Jumatatu. Wiki iliyofuata kulikuwa na matanga, akafanya vivyo hivyo. Kwa mtazamo wake hakukaidi agizo la mhudumu, alilitii. Hata hivyo, kuruka dozi huko kunaweza kumdhuru kuliko pombe yenyewe.

Makala haya yanaeleza jinsi pombe inavyokutana na dawa mwilini, dawa zipi zina hatari kubwa zaidi, na maneno gani mgonjwa na mhudumu wanapaswa kuambiana ili yaliyompata fundi huyo yasijirudie.

Ini na kazi mbili kwa wakati mmoja

Pombe ikishanywewa hufyonzwa haraka na kuingia katika damu. Sehemu kubwa yake huvunjwa na ini, kwanza kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu, kisha kuwa asetati, ambayo haina madhara makubwa. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani gramu 20 za pombe halisi, na ini la mtu mzima huondoa wastani wa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa moja kwa hiyo huhitaji saa mbili hadi tatu kuondolewa, na chupa nne huchukua usiku kucha. Kuoga maji baridi au kunywa kahawa hakuharakishi kazi hiyo. Wanzuki na gongo havina kipimo kinachojulikana: nguvu ya wanzuki hubadilika kadiri inavyoendelea kuchacha, na gongo hutofautiana kwa kila aliyeitengeneza.

Dawa nyingi hupita katika ini hilo hilo. Ini laweza kufananishwa na stesheni ya reli ya Tabora, mahali ambapo treni kutoka Dar es Salaam hugawanyika, nyingine zikielekea Mwanza na nyingine Kigoma. Treni nyingi zikifika kwa pamoja, baadhi husubiri. Vivyo hivyo, mtu akinywa pombe nyingi kwa mara moja, baadhi ya dawa huchelewa kuvunjwa na kubaki katika damu kwa muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa. Kwa mnywaji wa kila siku hutokea kinyume chake: ini hujizoeza na kuongeza baadhi ya vimeng'enya, hivyo dawa fulani huondolewa upesi mno na kushindwa kufanya kazi. Ndiyo sababu mtumiaji wa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kuvuja damu baada ya ulevi wa siku moja, ilhali mnywaji wa muda mrefu akapungukiwa na kinga ya dawa hiyo.

Vimeng'enya vilivyoongezeka vina hatari nyingine. Kimoja kati yake hugeuza sehemu ya parasetamoli kuwa sumu inayounguza ini. Dawa hii ni salama katika kipimo chake, lakini mnywaji wa kila siku asiyekula vizuri yuko hatarini zaidi akizidisha vidonge ili kutuliza maumivu ya kichwa ya asubuhi.

Kifua kikuu: miezi sita isiyotakiwa kukatika

Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa humeza rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi 4 inayofuata huendelea na rifampisini na isoniazidi. Tatu kati ya dawa hizo, yaani rifampisini, isoniazidi na pirazinamidi, zinaweza kudhuru ini. Pombe huongeza hatari hiyo. Aidha, isoniazidi hupunguza vitamini B6 mwilini, na wanywaji wengi huwa tayari wana upungufu wake. Matokeo yake ni ganzi na hisia ya kuungua miguuni. Kwa sababu hiyo mgonjwa anayekunywa pombe anapaswa kupewa piridoksini pamoja na dawa zake.

Upo utatanishi mmoja unaostahili kufafanuliwa. Rifampisini hufanya mkojo uwe na rangi ya machungwa au nyekundu, jambo ambalo si ugonjwa. Ini likidhurika, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Kwa kuwa rangi hizi mbili zaweza kuchanganywa, mgonjwa aelekezwe kutazama macho. Macho yakiwa ya manjano, au akipata kichefuchefu kisichokoma, kutapika, kukosa kabisa hamu ya kula au maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, asimeze dozi inayofuata bali aende kituoni siku hiyo hiyo. Hapo kusitisha dawa za kifua kikuu kabla ya kumwona mhudumu kuna uhalali.

Nje ya dalili hizo, dozi zisirukwe. Vijidudu vya kifua kikuu hukua polepole, na dawa inayokatika mara kwa mara huwaachia nafasi wale walio sugu. Tanzania inalifahamu jambo hili vizuri. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977 kwa ushirikiano na Dkt. Karel Styblo, na uzoefu wake wa kumfuatilia kila mgonjwa hadi amalize dawa ukawa mmoja wa misingi ya mkakati ambao baadaye Shirika la Afya Duniani liliueneza ulimwenguni. Msingi wake ni kwamba dawa nzuri isiyomezwa haimponyi mtu.

Fundi wa Cheyo alistahili kuambiwa sentensi mbili badala ya moja: "Ni bora usinywe kabisa mpaka umalize dawa. Lakini hata ikitokea umekunywa, meza dawa yako, kisha uje utuambie."

Dawa nyingine za tahadhari kubwa

Dawa za kisukari. Glibenklamidi na insulini hushusha sukari ya damu. Pombe nayo hulizuia ini kutengeneza sukari mpya. Mgonjwa akinywa bila kula, sukari inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu, hata saa nyingi baada ya kinywaji cha mwisho. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, maneno ya kukokota na kuyumba, na watu husema, "Huyo amelewa, mwacheni alale." Mgonjwa wa kisukari asiachwe alale katika hali hiyo. Kama anaweza kumeza, apewe maji ya sukari au soda yenye sukari. Kama hawezi, asitiliwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Kwa watumiaji wa metformini, pombe nyingi huongeza hatari ya damu kujaa asidi ya laktiki.

Dawa za usingizi, kifafa na msongo. Diazepamu, fenobabitali na amitriptilini hutuliza ubongo, na pombe hufanya vivyo hivyo. Zikikutana, mtu anaweza kulala usingizi mzito na kupumua kwa shida hadi kufa. Hata hivyo, fenobabitali haiachwi ghafla, kwani kuiacha huleta degedege. Mgonjwa huyu aelezwe wazi kwamba kinachopaswa kuondolewa ni pombe.

Dawa za maumivu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huchubua tumbo. Pombe huongeza mchubuko. Choo cheusi kama lami, au kutapika damu, ni dharura.

Metronidazoli. Kwa miaka mingi wagonjwa wameonywa kwamba pombe pamoja na dawa hii huleta uso kuwaka, moyo kwenda mbio na kutapika. Tafiti za karibuni zimetilia shaka ukubwa wa athari hiyo, na mwongozo wa magonjwa ya zinaa wa Marekani wa mwaka 2021 hauoni tena ulazima wa kujizuia. Onyo lingali katika karatasi za dawa hii, na kujizuia kwa siku chache hakumdhuru mtu. La msingi ni kwamba onyo hilo lisiwe sababu ya kukatisha dozi.

Dawa za ARV. Dolutegraviri, iliyo katika matibabu ya watu wengi nchini, haifahamiki kuwa na mgongano wa hatari na pombe. Madhara makubwa hutoka kwingine: mlevi husahau, na asiyesahau huogopa kuchanganya. Uchunguzi uliofanywa Marekani umeonyesha kuwa baadhi ya watu huruka ARV kwa makusudi siku wanazokunywa kwa kuamini kuwa mchanganyiko huo ni sumu. Imani hiyo huvipa virusi nafasi ya kuongezeka.

Kuuliza bila kuaibisha

Waswahili husema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini mgonjwa huficha kwa sababu zake. Tabora ni mji wenye Waislamu wengi na makanisa mengi. Kwa mtu anayeheshimika mtaani, kukiri pombe mbele ya foleni ni fedheha. Muuguzi kijana naye huona haya kumuuliza mtu wa umri wa baba yake.

Njia ipo. Swali liulizwe faraghani, bila mke, mume wala mwana kuwapo isipokuwa kwa ridhaa. Salamu itangulie: "Shikamoo mzee." Kisha badala ya "Unakunywa pombe?", ambalo hujibiwa "hapana" kwa urahisi, aulizwe: "Mzee, dawa hizi zinataka tufahamu unachokunywa. Katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi ulipata wanzuki, bia au kinywaji kingine? Kiasi gani?" Muuzaji wa duka la dawa muhimu anaweza kuuliza vivyo hivyo kabla ya kutoa diklofenaki.

Mhudumu atahadhari pia na amri ya "acha leo hii" kwa mtu anayekunywa sana kila siku. Mtu huyo akikatisha ghafla anaweza kutetemeka, kupata degedege ndani ya siku mbili, au kuchanganyikiwa. Anahitaji kusimamiwa, na pengine kulazwa.

Ya kukumbukwa

Mgonjwa:
- Amweleze mhudumu ukweli kuhusu pombe, ikiwemo ya kienyeji.
- Aulize kuhusu kila dawa: "Nikinywa, nini kitatokea? Na dozi nifanye nini?"
- Asiruke dawa za kifua kikuu, ARV au kifafa kwa sababu amekunywa.
- Akilewa sana akiwa ameandikiwa dawa za usingizi, asiongeze kidonge. Msaada wa kituo utafutwe.

Mhudumu:
- Atoe sababu pamoja na katazo.
- Aseme waziwazi la kufanya iwapo mgonjwa atakunywa.
- Aangalie macho ya mgonjwa wa kifua kikuu kila anapofika.
- Ampokee bila karipio anayekiri, kwa kuwa anayekaripiwa leo hatakiri tena.

Harusi na matanga vitaendelea Cheyo, na wanzuki itaendelea kumiminwa. Mgonjwa aliyeelezwa vizuri anaweza kuhudhuria, akashika soda yake bila kujieleza kwa mtu. Na aliyeshindwa usiku huo, bado asubuhi ana kidonge cha kumeza na mhudumu wa kumwambia ukweli.