Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Unene: Mgonjwa Anaporudi Nyumbani, Nani Anampokea?



Katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha jambo ambalo huenda baadhi yenu mtashangaa kulikuta katika kurasa zilizozoea habari za visima, yatima na mikopo ya akina mama. Ni habari ya ndugu zetu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza unene, na hasa maisha yao baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali.

Mhisani mmoja alipopata habari kwamba tumeanza kuwahudumia watu hawa alituuliza kwa nini kanisa lihangaike na ugonjwa wa walioshiba. Swali hilo ni la haki na tunalijibu hapa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa wanawake wapatao 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Katika utafiti wa mwaka 2022 idadi hiyo ilifikia 36. Hao si wake wa matajiri peke yao. Mtazame mama anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo. Anaondoka Mbagala au Gongo la Mboto alfajiri, anakaa kwenye kigoda mpaka jioni, anakunywa chai na chapati mbili kwa kuwa ndicho kilichopo karibu, mchana soda, usiku chipsi mayai kwa sababu anafika nyumbani saa tatu na hana nguvu ya kupika. Chakula chenye mafuta na wanga ndicho rahisi kwa bei, na mahali pa kutembea kwa miguu bila kugongwa na bodaboda ni pachache. Baada ya miaka kumi na tano anakuja na kisukari, shinikizo la damu na magoti yasiyokunjika.

Zamani mtu aliyehitaji upasuaji huu alilazimika kwenda India au kwingineko. Sasa huduma ipo hapa hapa. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kuweka puto tumboni mwaka 2022, na mwaka 2023 ikaanza pia upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Puto huingizwa kwa mpira kupitia mdomoni, likajazwa maji, likakaa kwa miezi kadhaa kisha likatolewa. Upasuaji ni jambo jingine. Aina moja huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula na kubakiza mrija wenye umbo la ndizi, na sehemu iliyoondolewa hairudi. Sehemu hiyo ndiyo hutengeneza kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, ndiyo maana mgonjwa husema, "Sijisikii njaa hata nikiona pilau." Aina nyingine hubakiza kifuko kidogo kama yai na kukiunganisha na utumbo wa mbele.

Hivyo basi, mtu hurudi nyumbani na tumbo jipya, lakini moyo, mume, majirani na jumuiya ni wale wale.

Wiki za kwanza ni vyakula vya maji, kisha vilaini kama mtori uliosagwa vizuri, ndipo taratibu vyakula vya kawaida kwa vipimo vidogo, samaki au maharage kwanza na ugali baadaye. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Juisi ya miwa, soda na kashata vinaweza kumletea mapigo ya moyo kwenda mbio, jasho na kuharisha. Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha yote, na hapa ndipo wengi hukwama: miezi sita ya kwanza anameza, anapendeza, anaona amepona, anaacha. Upungufu wa damu na ganzi za miguu huja baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka kuwa aliwahi kupasuliwa. Aidha, dawa za maumivu kama diklofenaki, zinazonunuliwa kama karanga katika maduka ya dawa, zinaweza kumletea vidonda vya tumbo, hasa aliyeunganishwa utumbo. Mtu anayetapika kila siku asiombewe tu akaachwa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Hayo ya mwili daktari atayasema. Yale yanayotuleta sisi ni mengine.

La kwanza ni maneno ya watu. Katika jiji hili kitambi kimekuwa cheti cha mafanikio, na mwanamke mnene husifiwa kuwa mumewe anamtunza. Akipungua kilo 30 ndani ya miezi minane, mtaa mzima unajua sababu: "Ameukwaa." Wale tuliofanya kazi ya UKIMWI kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004 tunakumbuka wembamba ulimaanisha nini, na kumbukumbu hiyo haijafutika. Mama mmoja katika kikundi chetu, mfanyabiashara wa Kariakoo, aliambiwa na wenzake wa kikoba asimamishe kukopa "mpaka afya itengemae". Hakutaka kusema alifanyiwa upasuaji, maana nako angeulizwa fedha amezitoa wapi. Akanyamaza, akaacha kwenda kwenye kikoba, mwisho akaacha hata kwaya. Uzito ulipungua vizuri sana, lakini yeye akabaki peke yake.

La pili ni chakula chenyewe. Kuna watu ambao kwa miaka mingi sahani ilikuwa ndiyo faraja yao, wakati wa msiba, wa ugomvi, wa biashara kuharibika. Faraja hiyo imeondolewa kwa kisu na hakuna iliyowekwa mahali pake. Baadhi huingia katika huzuni nzito. Wengine hugeukia pombe, na baada ya upasuaji pombe huingia kwenye damu haraka zaidi, hivyo chupa moja hufanya kazi ya mbili au zaidi. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa matatizo ya ulevi yaliongezeka kufikia mwaka wa pili baada ya upasuaji, wakati ambapo wengi wamekwisha kuacha kuhudhuria kliniki. Tunajua katika sharika zetu jambo hili husemwa kwa mnong'ono. Lisemwe waziwazi.

La tatu ni ndoa. Ndugu zetu wa Sweden, ambao wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa aina hii tangu mwaka 1987, wamethibitisha kwamba upasuaji huongeza miaka ya kuishi. Lakini utafiti wao wa mwaka 2018 uliona pia kuwa waliofanyiwa upasuaji waliachana na wenzi wao zaidi kuliko wanene wasiofanyiwa, na wale waliokuwa wapweke walipata wenzi zaidi. Hatushangai. Mume anasema huyu siye niliyemuoa, mke naye anaanza kuvaa na kutembea kwa namna mpya, wivu unaingia. Ushauri nasaha wa wanandoa ungefaa uanze kabla ya upasuaji. Wakisubiri mpaka vikao vya wazee vimeitwa, wamechelewa.

Sasa, usharika ufanye nini? Tunayo hazina ambayo wengi wameisahau. Wale akina mama na vijana waliofundishwa kutoa huduma za majumbani kwa WAVIU bado wapo. Wanajua kutunza siri, kuhesabu vidonge na mgonjwa bila kumdhalilisha, kuketi na mtu asiyetaka kuzungumza. Wakiongezewa mafunzo machache kuhusu lishe na dalili za hatari, wanatosha kuanzia. Tunaomba pia wachungaji na wainjilisti watazame upya mahubiri juu ya ulafi. Mtu mwenye kilo 140 akilisikia neno hilo huona kanisa zima limegeuka kumtazama, na hatakuja tena kuomba msaada. Wakati wa Kwaresima, kamati zinapopanga mfungo, waliofanyiwa upasuaji na wenye kisukari waelekezwe kwa daktari kwanza. Kwenye sherehe za kuaga mabinti, anayekula vijiko vitatu asiulizwe chakula kina kasoro gani.

Kwa wahisani tunasema wazi: hatuombi fedha za kumlipia mtu upasuaji. Wala hatumshawishi mtu yeyote afanyiwe; anayetaka kupungua kilo saba kabla ya harusi hastahili kisu, na tunamwambia hivyo. Tunachoomba ni posho ya mshauri nasaha mmoja kwa siku mbili za wiki, nauli za watembeleaji, na mafunzo yao.

Kikundi kilichopo kinakutana Jumapili ya pili ya mwezi, baada ya ibada ya pili, kwa kuwa siku nyingine wenye maduka hawawezi kuondoka. Wapo Waislamu na Wakristo, na majina hayaandikwi kwenye ubao wa matangazo. Kamati za sharika za katikati ya jiji zinaombwa kuleta kwa Mratibu, kabla ya mwisho wa robo hii, majina mawili ya watoa huduma wa zamani walio tayari kufundishwa, ikiwezekana mmoja awe mwanamume. Wagonjwa wa kiume wapo, ila mpaka sasa hakuna hata mmoja aliyekubali kuketi kwenye duara la akina mama.